Mzani wa bluutuu kwa sisi wenye thairoidi, baada ya miezi mitano

Nimekaa na huu mzani miezi mitano sasa, ni ile ya kioo yenye vyuma vinne bapa juu, unapanda peku alafu namba zinaingia kwenye simu. Jina la kampuni naliacha maana iko mingi sana ya aina hii na inafanya kazi kwa njia ileile. Naupa nyota tatu kati ya tano, na naandika hasa kwa wenzangu ambao thairoidi, ile tezi ya shingoni, imelala, yaani inatoa homoni kidogo mno, na uzito haueleweki.

Mimi nilikua nimeongezeka kilo 9 ndani ya mwaka mmoja kabla sijagundulika. Nakula kidogo, mwili mzito, baridi muda wote, ngozi kavu, asubuhi uso umevimba na pete haitoki kidoleni mpaka nipake sabuni. Na kila ninayekutana nae ananiambia punguza kula! Siku nilipoanzishwa levothairoksini, vidonge vya homoni ya thairoidi, daktari aliniambia kitu ambacho naona kila mmoja wetu angeambiwa siku ya kwanza kabisa, kwamba uzito unaoletwa na thairoidi yenyewe mara nyingi ni kama kilo 2 mpaka 5 tu, na sehemu kubwa ni maji na chumvi mwili umeshikilia, siyo mafuta. Kwaio katika zile kilo 9 zangu kuna ambazo dawa itazitoa na kuna ambazo lazima nihangaike nazo mwenyewe kama mtu mwingine yeyote. Iliniuma kusikia lakini ilinisaidia sana, na ndo nikanunua mzani nijue kipi ni kipi.

Kwenye uzito mtupu sina lawama. Unapanda mara tatu mfululizo inakupa namba ileile, tofauti labda gramu 100. Lakini kilichonifaa zaidi ni ule mstari wa wastani wa wiki kwenye apu. Namba ya siku moja inadanganya jamani, mi nimewahi kupanda kilo moja na nusu kwa usiku mmoja kwa sababu ya chumvi na siku zangu kukaribia, huko nyuma ningelia siku nzima. Sasa naangalia mstari tu. Dozi ilipoongezwa wiki mbili za kwanza mstari haukusogea hata kidogo, nikataka kukata tamaa, kumbe hii dawa inajenga taratibu mwilini, ndo maana kipimo cha damu cha TSH, ile homoni inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi, kinarudiwa baada ya wiki 6 mpaka 8 tangu dozi ibadilishwe. Wiki ya tano mstari ukaanza kushuka. Na pete ikatoka bila sabuni.

Sasa tatizo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mzani unakupa pia asilimia ya mafuta, maji, misuli, na kitu kinaitwa umri wa mwili. Hivi vyote mzani hauvipimi moja kwa moja. Unapitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, unaangalia umeme umepata ugumu kiasi gani, alafu unapiga hesabu kwa kutumia urefu na umri uliojaza. Maji mwilini yakibadilika na hesabu inabadilika, na sisi maji ndo shida yetu! Nimejaribu mwenyewe, nimepanda miguu mikavu, nikatoka kuoga nikapanda tena miguu ina unyevu, mafuta yamepungua asilimia mbili ndani ya dakika kumi. Hiyo haiwezekani.

Kuna asubuhi moja nina miaka 37 simu ikaniandikia kwa rangi nyekundu umri wa mwili 54. Nilikaa ukingoni mwa kitanda simu mkononi, kopo la vidonge liko pembeni, na nikafikiria kumeza viwili badala ya kimoja ili vichome mafuta haraka. Sikumeza. Ila nilifikiria kabisa, na najua siko peke yangu. Wapendwa, homoni ya thairoidi siyo dawa ya kupunguza uzito, ukizidisha moyo unaenda mbio na kupiga bila mpangilio, mifupa inapungua, usingizi unapotea. Dozi inaamuliwa na kipimo cha damu pamoja na daktari, siyo na mzani.

Apu nayo haijui kabisa kama kuna watu wanaumwa. Hakuna pa kuandika dozi wala TSH, mi naandika kwenye sehemu ya maoni. Alafu inaleta matangazo ya virutubisho vya eti kuamsha thairoidi, hii imenikera kuliko yote, maana ayodini, madini ambayo mara nyingi yanawekwa humo, ikizidi inaweza kuiharibu zaidi tezi ambayo tayari inaumwa, na vitamini ya bayotini ikiwa nyingi inavuruga majibu ya maabara, unaonekana uko sawa kumbe hauko sawa. Hata kalsiamu na madini ya chuma inabidi viachane na dawa masaa 4.

Utaratibu wangu ni huu, naamka, naenda chooni, napima, ndo nameza kidonge kwa maji matupu na nasubiri saa nzima kabla ya kahawa au chakula. Dawa ikishika vizuri kila siku ndo hata mstari unaeleweka, nilipokua naimeza pamoja na kahawa kila kitu kilikua kinayumba.

Betri inakaa vizuri, bluutuu inagoma mara mojamoja. Mwenye kifaa cha moyo kilichowekwa kifuani asiutumie huu wa umeme, na mjamzito pia wanashauri asitumie. Na kama namba zinakutesa kichwani mpaka unaacha kula, chukua mzani wa kawaida upime mara moja kwa wiki, inatosha kabisa.

Kwenye mipangilio ya apu kuna sehemu ya kuficha vipimo. Mimi nimeficha mafuta, misuli na huo umri wa mwili, nimebakiza uzito na mstari wa wiki, na tangu hapo ndo nimeanza kuutumia kwa amani.