Msaipresi kibete wa Hinoki kwa bonsai: mche mzuri, ila chunga mkasi

Kati ya miche ya vitalu inayofaa kuanzia bonsai (mti unaotunzwa ukiwa mdogo ndani ya chungu), msaipresi huu, Chamaecyparis obtusa 'Nana Gracilis', wenye asili ya Japani, ni wa kuupa alama za juu. Majani yake ya kijani kilichokolea yamejipanga kama pepeo ndogondogo, na hata mche mchanga tayari una sura ya mti mzee.

Uchague kwa makini. Fukua udongo wa juu uone shina linapoanzia; mche uliobebeshwa (uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine) ukiwa na kovu lililovimba, uache, maana uvimbe huo hauondoki. Kisha panua majani uchungulie ndani. Ukikuta ukijani karibu na shina, chukua. Matawi yakiwa matupu hadi nchani, usishawishike hata kwa bei ya chini.

Sababu ni moja: tawi kuukuu lililobaki bila jani halichipui tena. Ukikata ukaacha kipande kitupu, kimekufa hicho. Majani ya ndani nayo hukauka yakikosa mwanga. Basi punguza ncha kila mwaka, ukirudi nyuma hadi kwenye kichipukizi kibichi, na ung'oe vijitawi vinavyoning'inia chini ya tawi. Mkasi upite kwenye kikonyo. Ukikata katikati ya pepeo, kingo zinageuka kahawia. Matawi matatu au manne yakitoka sehemu moja, bakiza moja au mawili, la sivyo shina litavimba hapo.

Matawi machanga yanapinda vizuri, ila yanachelewa kushika umbo, hivyo tarajia kufunga waya zaidi ya mara moja. Tumia waya wa alumini wenye unene wa kama theluthi ya tawi, uuzungushe kwa nyuzi 45. Mti unapokua kwa kasi, kagua waya kila baada ya wiki chache usije ukazama kwenye gome. Kuutoa, ukate vipandevipande. Kuuzungusha kinyume huvunja tawi.

Unapobadilisha chungu, usikate zaidi ya theluthi ya mizizi kwa mkupuo, wala usipogoe matawi kwa wingi msimu huohuo. Udongo upitishe maji upesi lakini usikauke kabisa: majani haya hubaki kijani kwa muda hata mizizi ikiwa imeshakufa, hivyo hayakuonyi mapema.

Dosari kubwa ni shina kunenepa polepole mno. Lipia mche wenye shina nene tangu mwanzo, hata kama kilele chake kimekaa vibaya, kilele kinarekebishika.