Koki ya kusubia chuma: uzoefu wangu na mizigo miwili tofauti

Kama unasubu chuma, yaani unakiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, na unachagua koki (makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa hadi gesi zikatoka) kwa kuangalia bei ya kilo tu, soma hapa kabla hujalipa.

Karakana yetu iko Dar es Salaam. Tunasubu puli za mashine za kusaga, mifuniko ya chemba na vipuri vya pampu. Tunayeyushia kwenye kupola: bomba refu la bati nene, ndani limejengewa matofali ya moto, na chini feni inasukuma hewa. Juu tunapakia kwa zamu koki, skrepa na mawe kidogo ya chokaa, na chini tunatoboa tundu chuma kitoke.

Mzigo wa kwanza tuliununua kwa bei nzuri. Muuzaji alituambia hii ndiyo koki inayotumika kwenye matanuru makubwa ya viwanda vya chuma, na akatuonyesha karatasi ya vipimo. Ukubwa wa mabonge ulikuwa milimita 40 hadi 80, na majivu yalizidi kidogo asilimia 12. Hakutudanganya. Shida ni kwamba tanuru lile na letu hayaitaki koki kwa kazi moja.

Kwenye tanuru kubwa, koki ina kazi tatu. Inatoa joto, inatengeneza kaboni monoksaidi inayoondoa oksijeni kwenye mawe ya chuma, na inabeba uzito wa shehena yote huku ikiacha nafasi ya hewa kupita. Ndiyo maana wanaipima kwa ukali: wanaichoma kwa nyuzi 1,100 ndani ya kabonidayoksaidi kwa saa 2, kisha wanaizungusha kwenye ngoma mara 600 waone imebaki nzima kiasi gani. Ikibaki juu ya asilimia 60, wanaridhika. Tanuru la kisasa linakula kilo 300 hadi 400 hivi za koki kwa tani moja ya chuma, na pungufu linajazwa na unga wa makaa ya mawe unaopulizwa ndani pamoja na hewa ya moto.

Sisi hatuna oksijeni ya kuondoa, maana skrepa ni chuma tayari. Tunachotafuta ni joto. Hewa ikikutana na koki pale chini, koki inaungua kuwa kabonidayoksaidi na joto linatoka kwa wingi. Gesi hiyo ikipanda na kukuta mabonge madogo, ambayo uso wake kwa jumla ni mkubwa, inaila koki tena na kugeuka kaboni monoksaidi, na hapo inanyonya joto badala ya kulitoa. Mwenye tanuru kubwa anaihitaji sana gesi hiyo. Kwetu inaondoka na hela yetu kupitia bomba la moshi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Chuma kilitoka chekundu kizito, kikaganda kwenye kuta za ndoo kabla hatujamaliza kumimina, na puli kadhaa zikatoka na kingo zisizojaa. Mavi ya chuma, yaani takataka zinazoelea juu ya chuma kilichoyeyuka, yalikuwa mengi na mazito kama uji uliolala, ikabidi tuongeze chokaa ili yalainike, na chokaa nayo inakula joto. Zile puli zilizotoka nzima, fundi wa lezi (mashine ya kukereza) alizirudisha: ncha ya kisu ilikuwa inateleza juu yake. Tulipovunja moja tukakuta ndani nyeupe inayometa badala ya kijivu. Chuma baridi kwenye kalibu nyembamba huganda hivyo, na salfa ya kwenye koki inazidisha ugumu. Kwa kilo 1 ya koki tulikuwa tunayeyusha kilo 5 tu za chuma.

Mzigo wa pili ulikuwa koki ya kusubia hasa. Mabonge ni ya milimita 100 kwenda juu, majivu chini ya asilimia 10, salfa chini ya asilimia 0.7. Ukiangusha bonge kwenye sakafu ya zege linalia kavu na kupasuka vipande vichache vikubwa, bila vumbi la kutisha. Chuma kilitoka cheupe kwa moto, kikajaza hadi kwenye meno ya gia nyembamba. Kilo 1 ilitufikisha karibu kilo 8 za chuma. Bei ya gunia ni kubwa kuliko ile ya kwanza, lakini piga hesabu kwa kilo ya chuma kizuri kinachouzika, ujumlishe na vipande unavyorudisha kwenye skrepa. Koki ghali ndiyo iliyotugharimu kidogo.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisitumie mkaa. Mkaa wa miti una majivu machache na karibu hauna salfa, na watu wa Kagera waliyeyusha chuma safi kwa mkaa tangu karne nyingi zilizopita. Lakini ni laini, unasagika chini ya uzito wa skrepa na kuziba hewa. Uingereza nayo iliendesha matanuru yake kwa mkaa hadi Abraham Darby alipofanikiwa kutumia koki pale Coalbrookdale mwaka 1709. Mimi naongeza la misitu yetu, ambayo naiona inavyoisha, na sitaki karakana yangu iwe sababu. Makaa ya mawe ghafi, kama yale ya mgodi wa Ngaka kule Ruvuma yanayokwenda viwanda vya saruji, nayo siyo koki: bado yana gesi ndani, yanatoa moshi na kuvunjika. Mtu akikuuzia hayo kwa jina la koki, mrudishie.

Malalamiko yangu kwa mzigo wa pili ni mawili. Magunia yalikaa wazi bandarini au njiani, yakaja yamelowa, na maji hayo tulilipia kama koki. Pili, chini ya kila gunia kulikuwa na chenga, ambazo sasa tunazichekecha na kuwapa wahunzi jirani kwa ajili ya majiko yao ya moto.

Muuzaji wa mzigo huu wa pili nampa nyota nne kati ya tano. Unapokwenda kununua, taja kipenyo cha ndani cha tanuru lako na uombe mabonge ya takriban moja ya kumi yake. Omba karatasi ya majivu, salfa na unyevu, kisha pima gunia baada ya kulianika. Muuzaji wangu wa sasa amekubali kupunguza uzito wa maji kwenye ankara, na ndiyo maana bado nanunua kwake.