Kasri la Gyeongbokgung kwa hanbok ya kukodi

Mwanafunzi wa Dodoma anayekwenda kusoma Korea Kusini aanzie matembezi ya Seoul hapa. Kwa bei hii, panalipa. Kiingilio ni won 3,000, ila ukivaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, unaingia bure. Wengi hukwama getini: juu na chini vyote viwe vya hanbok, blauzi yake na jinzi haikubaliki. Maduka ya kukodi yako jirani, hulipisha kwa saa, na ukichelewa unaongezewa. Sketi ni ndefu, ishike mbele unapopanda ngazi. Walinzi wa kasri hubadilishana zamu kwa maonyesho saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Mkiwa na watoto, wahini mbele. Jumanne pamefungwa. Januari usijidanganye na kipupwe cha Dodoma: vaa suruali nzito ndani.