Boti ya kasi ya mtumba: kagua tezi kabla hujasikiliza mashine

Malalamiko ya wanunuzi wa Moshi na Arusha yanafanana. Mtu kanunua boti ya kasi iliyotumika, mashine inaunguruma vizuri, rangi inang'aa, kaivuta kwa tela mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu au kaiacha Pangani kwa ajili ya kubeba wageni. Miezi michache baadaye mashine inaanza kulala nyuma. Fundi akilegeza bolti yanatoka maji meusi yenye harufu ya mbao iliyooza. Mashine ni nzima kabisa, ila imeshikiliwa na uji.

Kwa hiyo urefu wa boti, idadi ya viti na uzuri wa redio utavikagua mwenyewe. Hapa tunaanza na tezi, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine.

Boti nyingi za faiba zilizotengenezwa Marekani na Ulaya miaka ya 1980 na 1990 zina plaiwudi ndani ya ukuta huo, imefunikwa na faiba pande zote mbili. Faiba haiozi, plaiwudi inaoza. Maji hayapiti kwenye faiba nzima. Yanapita kwenye matundu: ya bolti za mashine, ya skrubu za kipima kina, ya ngazi ya kupandia, ya tyubu ya kutolea maji. Fundi mmoja akitoboa tundu la milimita 5 na kuliziba kwa silikoni ya bafuni, ameshafungua mlango. Mashine ya nguvu farasi 150 ina uzito wa takriban kilo 220, na ukikanyaga mafuta inasukuma ukuta huo kwa nguvu nyingi kupita uzito wake. Plaiwudi iliyolowa inabonyea, bolti zinalegea, tundu linapanuka, maji zaidi yanaingia.

Huku kwetu kuna jambo linalofanya ubovu huu ufichike zaidi. Boti ikikaa juani Moshi kiangazi chote, plaiwudi inakauka. Ukigonga inalia karibu kama nzima, na kipima unyevu kinasoma vizuri. Lakini mbao iliyooza haipati nguvu kwa kukauka. Ukiishusha majini inarudi kama ilivyokuwa.

Mabaharia wa pwani husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ukienda kukagua boti, fuata njia hiyo: tezi kwanza, halafu ngama, yaani tumbo la chini ambako maji hutuama. Omo, yaani mbele, itasubiri.

Chukua nyundo ndogo yenye mpini wa plastiki, gonga kwa mpini huo kila sentimita 5, kutoka juu kwenda chini, ndani na nje. Mbao nzima inalia kavu na kali. Iliyooza inatoa mlio mzito, kama kugonga gunia la unga. Kisha inamisha mashine nusu, shika mguu wake chini, karibu na propela, ubonyeze kwa uzito wako wakati mwenzako ameweka jicho mahali ukuta unapokutana na ubavu wa boti. Ukuta usicheze hata kidogo. Angalia pembe zote mbili za kile kikato cha juu kinachobeba mashine: nyufa nyembamba kama nywele kwenye rangi ya juu pekee zinavumilika, lakini ufa unaoingiza ncha ya wembe ni habari nyingine. Tazama pia chini ya kila bolti. Mchirizi wa rangi ya chai ya rangi, uliokauka kama chozi, maana yake mbao inavuja.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni drili. Omba ruhusa ya kutoboa tundu la milimita 5 kutoka ndani, chini kabisa karibu na ngama, usipite upande wa pili. Pokea unga wa mbao kiganjani. Maranda ya rangi ya maziwa, makavu, yenye harufu ya mbao: endelea na mazungumzo. Tope jeusi linaloshikamana na vidole: ondoka, au punguza bei kwa gharama nzima ya ukuta mpya. Tundu likiwa kavu lijaze epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya, haitachukua dakika 10. Muuzaji anayekataa tundu la milimita 5 kwenye chombo anachokitaja kwa makumi ya mamilioni amekwishakujibu.

Ukuta ukiwa umeoza, kazi ya kweli ni hii: kukata faiba ya ndani, kutoa mbao yote hata ile inayoonekana nzima, kuunganisha kwa epoksi tabaka mbili za plaiwudi ya majini ya milimita 18, kuirudisha, kisha kufunika kwa tabaka kadhaa za faiba zinazopanda kwenye mbavu za boti. Matundu ya bolti yanatobolewa makubwa kuliko bolti, yanajazwa epoksi nzito, halafu yanatobolewa upya kwa kipimo chake, ili bolti iguse epoksi, isiguse mbao. Chini ya mstari wa maji tumia gundi ya poliyurethani. Silikoni iache bafuni. Fundi anayekuambia atapiga sindano ya rezini kwenye matundu na kupaka rangi anakuuzia muda tu.

Sasa mashine. Nitasema wazi kwamba napendelea Yamaha, na sababu ni vipuri. Ukikwama Tanga, Dar es Salaam au Mwanza, impela (feni ya raba ndani ya pampu ya maji) au plagi ya Yamaha utaipata kabla ya nyingine.

Nafasi ya kwanza naipa Yamaha F150, stroki nne, silinda nne, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004. Ikiwa na propela sahihi inapaswa kufika mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Mkanda wake wa taiming hubadilishwa kila saa 1,000 au miaka 5, kinachotangulia. Ukikuta mkanda wa tangu kiwandani, bei ishuke. Boti ya mita 5.5 hadi 6.5 yenye F150 na tezi nzima ndiyo ningemshauri dada yangu anunue.

Ya pili ni Yamaha V6 ya stroki mbili yenye kabureta, lita 2.6, nguvu farasi 150 hadi 200. Ni nyepesi, inaondoka kwa hasira, na fundi wa kawaida anaielewa. Shida ni kiu: ile ya 200 ikikanyagwa mpaka mwisho inakula petroli karibu lita 75 hadi 80 kwa saa, wakati F150 inakula kama 57. Ipime kompresheni ikiwa na moto, plagi zote zimetolewa, kabureta zimefunguliwa kabisa. Silinda zisitofautiane zaidi ya asilimia 10. Moja ikiwa chini peke yake, mara nyingi kabureta yake iliziba, petroli ikapungua, pistoni ikakwaruzwa. Tumia oili ya boti yenye alama ya TC-W3. Ile ya pikipiki haifai.

Ya tatu ni Suzuki DF140. Mashine safi, inatumia cheni badala ya mkanda, ila vipuri vyake ni vya kuagiza.

Ukiangukia Yamaha F225 za mwanzo, za 2002 hadi 2006, kuwa makini. Nyingi zilizofanya kazi baharini ziliguguniwa na chumvi kwenye njia ya moshi ndani ya mashine, mahali pasipoonekana mpaka uifungue. Napenda Yamaha lakini hiyo siitetei.

Ya nne, na hapa ndipo wengi wanapotekwa na sauti, ni boti za V8 ya ndani zenye MerCruiser 5.7. Raba ya kukunja kama akodiani inayozuia maji pale shafti inapotoka nje ikipasuka, boti inazama ikiwa imefungwa gatini. Ibadilishe kila miaka 2 au 3. Na kuna hatari mbaya zaidi. Kwa kuwa injini yenyewe ni ya ukoo wa gari, mafundi wetu wanafunga alteneta na stata za gari. Hapana! Za boti zimezibwa ili cheche zisitoke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama ngamani, na cheche moja inatosha kulipua chombo. Washa feni ya ngama dakika 4 kabla ya kuwasha injini, kila mara.

Evinrude E-TEC inashika mkia. Mashine ilikuwa na akili, ila kampuni mama, BRP, ilisimamisha utengenezaji mwaka 2020. Kwa bei rahisi kuna Yamaha Enduro 40 kwenye boti ya kienyeji. Inafanya kazi, haina kasi, tosha.

Ukipeleka mashine ya baharini Nyumba ya Mungu, kumbuka bwawa liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari. Mashine inapoteza kama asilimia 7 ya nguvu, na propela iliyofaa Tanga inakuwa nzito. Punguza inchi 1 hadi 2 za mwendo wa propela (pitch), yaani umbali inaosonga kwa mzunguko mmoja. Kila inchi inarudisha mizunguko 150 hadi 200. Maji yakishuka kiangazi tope na visiki vinakuwa karibu, kwa hiyo impela ya pampu ya maji ibadilishwe kila mwaka hata kama mashine bado inakojoa vizuri, yaani inarusha mchirizi wa maji ya kupoozea. Oili ya gia kila saa 100. Ikitoka nyeupe kama maziwa, sili imekufa. Ukitoka baharini, suuza kwa maji yasiyo na chumvi dakika 10 hadi 15 siku hiyohiyo, isiwe kesho yake.

Kuhusu wauzaji, inauma. Boti inapakwa rangi mpya upande wa nyuma pekee, na ukiuliza unaambiwa ni usafi. Kifuniko kimebandikwa 200 wakati kibati kwenye mabano ya mashine kinasema 150, soma kibati. Mashine inapashwa moto kabla hujafika ili usione ikihangaika kuwaka. Wengine bado wanataja bei kwa dola, mtu na mtu, hapahapa Arusha, ingawa tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei ya ndani kwa fedha za kigeni. Na majaribio ya majini wanayaita usumbufu, eti bomba la bustani linatosha. Halitoshi. Kwenye bomba mashine haina mzigo, haiwezi kuonyesha mizunguko yake ya juu, na ukuta wa tezi hausukumwi na chochote. Uliza pia karatasi za usajili na ukaguzi za TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, jina lililoandikwa lifanane na la anayepokea hela.

Ukishalipa, kuna kosa moja lililobaki, nalo linafanyika barabarani. Kutoka Tanga mpaka Moshi mashine inainuliwa juu ili isiguse lami, ikiegemea kile kishikizo chake kidogo, na kila tuta linaigeuza kuwa mtaimbo unaong'oa ukuta. Kata gogo au bomba, liweke kati ya mguu wa mashine na fremu ya tela, shusha mashine mpaka ilale juu yake, kaza kwa mkanda. Simama Mombo na Same, shika kitovu cha kila gurudumu la tela kwa kiganja. Kikikuunguza, beringi haina grisi.