Nilisomea Sabuni za Urembo Kirumba, na Hasira Bado Ninazo

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike, lakini naona hazina mpango wa kupoa, basi naandika nazo. Miezi kadhaa iliyopita nilijiunga na mafunzo ya kutengeneza sabuni za urembo, zile zenye mawimbi ya rangi mbili tatu ambazo siku hizi hupangwa kwenye vikapu vya zawadi za harusi. Darasa lilikuwa chumba cha kupanga maeneo ya Kirumba, hapa Mwanza, na mwalimu, ambaye sote tulimwita madamu, jina lake nitalihifadhi. Ada haikuwa ndogo. Tuliahidiwa kwamba ndani yake mna malighafi, kalibu, cheti na fomula.

Ninalolalamikia ni jambo moja tu: hapakuwa na mizani. Kila kitu kilipimwa kwa kikombe cha plastiki, mafuta ya nazi kwa kikombe, mawese kwa kikombe, na kostiki soda yenyewe, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kwa kikombe kilekile, eti kisifurike. Kostiki si sukari ya chai, ambayo ikizidi utakunywa hivyohivyo. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake: kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki ili yote yageuke sabuni, ilhali kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 141 tu, na watengenezaji wengi hupunguza kama asilimia tano ili yabaki mafuta kidogo ya kuilinda ngozi. Hiyo si siri ya mtu, wala haihitaji maabara; inahitaji mizani ya jikoni. Nilipomuuliza kwa adabu kabisa, "Madamu, kikombe hiki ni gramu ngapi?", alinitazama kisha akasema mbele ya darasa zima, "Dada yangu, umekuja kujifunza au umekuja kunikagua?" Wenzangu wakacheka, nami nikanyamaza.

Sasa tazameni kilichotokea. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Mwanza huwa na ubaridi wa kutosha kwa hilo. Mimi nilichota mapema, yakiwa mabonge kwenye ndoo, kwa hiyo kikombe changu kilijaa mafuta pamoja na mianya ya hewa. Jirani yangu mezani alichota mwisho, jua likiwa limeshaingia dirishani na mafuta yamekuwa maji, na kikombe chake kilijaa kweli. Kostiki tulichota sawa. Kesho yake, tulipokata, sabuni yangu ilimeguka chini ya kisu, ikaacha unga mweupe ubaoni na pembe zote zikabomoka. Yake ilikuwa laini, inateleza mafuta, kisu kikatoka kinang'aa. Ni somo lilelile, meza ileile na vikombe vilevile, lakini zimezaliwa sabuni mbili zisizofanana hata kidogo, moja imezidiwa na kostiki na nyingine imezidiwa na mafuta. Nilipogusisha ncha ya ulimi kwenye kipande changu, kama wafanyavyo watengenezaji, ulimi ulichoma papo hapo. Sabuni ya namna hiyo hata ukiiacha ikomae wiki sita haifai kuogeshea mtoto.

Na madamu alisema nini? Alikichukua kipande changu, akakigeuza mara moja, akakirudisha mezani. "Mkono wako mzito, dada. Sabuni ina wenyewe." Basi! Kisha akatangaza kwamba fomula kamili yenye vipimo vya gramu ipo, imepigwa laminesheni, na inauzwa kando kwa anayeihitaji. Kumbe gramu anazijua! Anazijua vizuri sana, ila anatuuzia mara mbili, na katikati ya mauzo hayo mawili anatupachika mikono mizito.

Siku ile ningeulizwa, ningesema darasa lifungwe. Leo sina hakika ningesema hivyo tena, maana kuna mambo ambayo nikiyaficha nitakuwa mwongo. Upande wa usalama madamu hakufanya mchezo: kostiki ndiyo hutiwa kwenye maji, maji hayamwagiwi kostiki hata siku moja, glavu na miwani ni lazima, na sufuria za aluminiamu alizitoa nje kabisa, kwa kuwa kostiki huzila na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Halafu mkono wake jamani! Aligawa uji wa sabuni katika majagi mawili, moja akatia manjano ya kawaida ya jikoni, ambayo ilipokutana na kostiki iligeuka nyekundu ya tofali mbele ya macho yetu, lingine akaliacha na weupe wake. Akamimina yote mawili kwa pamoja kutoka juu, uzi kwa uzi, kisha akapitisha kijiti cha mshikaki mara moja tu na kusimama. Alipokata kesho yake, kila kipande kilikuwa na wimbi lake, hakuna vilivyofanana, na darasa zima tulipiga vigelegele, mimi na hasira zangu nikiwamo.

Baada ya hapo nilinunua mizani ya kidijitali, na tangu hapo sabuni zangu hazimeguki wala hazitelezi mafuta, kwa hiyo suala la mkono mzito tulifute. Mawimbi, hata hivyo, yananitoka kama tope. Ama namimina uji ukiwa mwepesi mno na rangi zinachanganyika, ama manukato yanauganda ghafla jagini kabla sijaufikisha kwenye kalibu, na sijamwona mtu mwingine hapa mjini anayeweza kunionyesha saa ya kumimina zaidi ya madamu huyohuyo. Ametangaza darasa jipya, la mawimbi peke yake. Nimemtumia ujumbe kwamba nitalipa ada yote mapema endapo ataniruhusu kuingia na mizani yangu. Ujumbe umesomwa, tiki ni za bluu, jibu bado.