Uzoefu Wangu: Kununua Sarafu Kuukuu za Fedha Mjini Kisumu

Duka ninalolizungumzia liko katikati ya mji, si mbali na Soko la Jubilee, na kazi yake kuu ni kutengeneza saa. Sarafu hukaa kwenye sinia lililotandikwa kitambaa, chini ya kioo cha kaunta. Nimenunua hapo mara kadhaa, na maoni yangu ni kwamba kwa shilingi za kawaida za Afrika Mashariki za enzi ya mkoloni, zile zenye picha ya simba, mwenye duka huuza kwa haki iwapo mnunuzi amefika akiwa na hesabu yake kichwani. Kwa sarafu nyinginezo humtoza mtu kwa ukongwe wa sarafu badala ya madini ya fedha yaliyomo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Shilingi za simba zilianza kutolewa mwaka 1921, na ingawa zinaonekana za kale, nyingi si adimu hata kidogo, hasa za 1922 na 1924. Kila moja ina uzito wa takriban gramu 7.8, na robo tu ya uzito huo ndiyo fedha, yaani kama gramu 1.94; sarafu ya senti 50 ina nusu ya hapo. Bei ya dunia hutajwa kwa dola na kwa aunsi ya madini, ambayo ni gramu 31.1, wala si ile ya gramu 28 ya vipimo vya jikoni. Siku ya ununuzi wangu wa mwisho nilikadiria gramu moja ya fedha kuwa shilingi 150 za Kenya, kwa hiyo madini ya sarafu moja yalikuwa na thamani ya kama shilingi 290. Muuzaji alitaka 400, tukavutana kidogo, akanipa kwa 370. Mtu amelipa kodi ya duka na amezitafuta sarafu hizo vijijini. Kumwachia faida ya hadi theluthi moja juu ya thamani ya madini sioni kuwa ni kupunjwa.

Jambo linalomstahilia sifa ni mizani. Anayo ndogo ya kisonara, na huiweka sarafu juu yake mbele yako kabla hujamwomba, nawe unasoma tarakimu kwa macho yako.

Hata hivyo, mizani haikuokoi na kasoro kubwa ya sinia lile. Humo, katikati ya shilingi za fedha, kulikuwa na za 1949 na 1950 kwa bei ileile, ilhali kuanzia 1948 shilingi hizo zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, bila fedha yoyote. Uzito unakaribiana mno na sumaku hainasi hata moja kati yake, kwa hiyo mnunuzi ategemee kusoma. Za fedha za Mfalme George wa Sita, ambazo mwisho wake ni 1946, bado zinamtaja kuwa mfalme na kaisari wa India kwa herufi IND:IMP. Za baadaye, India ikiwa imeshajitawala, zimeandikwa GEORGIVS SEXTVS REX peke yake. Rangi nayo husaidia: shilingi ya robo fedha iliyochakaa huanza kupiga wekundu au manjano kwenye mgongo wa simba, huku ya nikeli ikibaki na weupe wa kijivu.

Nilimwambia, “Mzee, hii ya 1949 haina fedha.” Akanijibu kwa upole, “Zote ni za mkoloni, kijana wangu, bei ni moja.” Nikalipia za zamani tu.

Tabia nyingine isiyonipendeza ni kuzisugua sarafu kwa dawa ya meno hadi zimetemete. Mng’aro huo hauongezi hata chembe ya fedha, na mkusanyaji makini huukimbia kwa sababu ya mikwaruzo, kwa hiyo mimi siulipii.

Kisha zipo rupia za India zenye sura ya Malkia Victoria, masalia ya enzi ambayo reli ilifika Kisumu, mwaka 1901, na rupia ndiyo iliyokuwa pesa ya huku. Hizi ni fedha hasa: gramu 11.66 kwa kiwango cha asilimia 91.7, sawa na gramu 10.7 za fedha safi, hivyo moja inashinda shilingi tano za simba. Kwa hesabu ya siku ile madini yake yalikuwa ya kama 1,600. Bei aliyoitaja ni 3,500, kwa rupia iliyolika usoni na ya mwaka wa kawaida.

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ninalomshauri kila mnunuzi aulize kabla ya kutoa pesa: nikikurudishia kesho, utainunua kwa ngapi? Kwa shilingi alisema 250, pengo ninaloweza kulivumilia. Kwa rupia alisema 1,500, nami nikairudisha kwenye sinia.