Gari lililotumika: ununue la umri gani kama unajali ajali?

"Magari ya zamani yalikuwa chuma, haya ya sasa ni makopo." Maneno haya yamewauzia watu wengi magari yasiyofaa kubeba watoto wao.

Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda takriban kilomita 64 kwa saa. Chumba cha abiria cha Bel Air kilisambaratika, na vipimo vikaonyesha kwamba dereva wake angekufa. Wa Malibu angeumia mguu tu. Gari la kisasa limeundwa pua yake ikunjwe na kumeza nguvu ya mgongano, huku chumba cha abiria kikibaki kizima. Pua isipokunjwa vizuri, nguvu hiyo inamfikia aliyekaa ndani.

Kwa hiyo mimi nayapanga magari hivi, kuanzia lililo bora.

La kwanza ni gari la 2014 na kuendelea, lenye ESC (mfumo unaolizuia gari lisiserereke) na mifuko ya hewa ya mbele, ubavuni na ya pazia (inayoshuka kufunika madirisha). Lakini chunguza muundo ulianza lini, usitazame mwaka wa kutengenezwa peke yake. Nissan Tsuru ya 2015 iliyouzwa Mexico ilikuwa mpya kiwandani, ila muundo wake ulikuwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na haikuwa na mfuko wa hewa hata mmoja. Mwaka 2016 iligonganishwa na Nissan Versa, ikapondeka vibaya.

La pili ni la 2005 hadi 2013, lenye ESC. Hapa ndipo wenye bajeti ya kawaida wanapata gari zuri. Mimi ningechukua la 2008 ambalo halijawahi kugongwa na kuliacha la 2014 lililonyooshwa bodi, kwa sababu chuma kilichokunjwa kikanyooshwa hakikunjiki tena kama kilivyokusudiwa. Nyota ambazo gari hupewa kwenye majaribio ya ajali nazo zisome pamoja na mwaka wa jaribio: tano za 2003 si tano za leo.

La tatu, la mwishoni mwa miaka ya 1990, nunua ukikosa jingine. ANCAP, taasisi ya Australia inayopima usalama wa magari, ilipojaribu Toyota Corolla ya 1998, gari hilo lilipata alama 0.40 kati ya 16. Ya 2015 ilipata 12.93. Jina ni lilelile.

Lisilo na mifuko ya hewa kabisa, au lenye mkanda wa kiunoni tu, lisiwe gari la kila siku.

Kabla ya kulipa, washa swichi utazame dashibodi. Taa ya mfuko wa hewa iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imeng'olewa kuficha ubovu. Ingiza pia namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari limeitwa kurekebishwa, maana mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata imeua watu kwa kurusha vipande vya chuma, na kuibadilisha ni bure magari yanapoitwa kurekebishwa.